Foleni ya piti inamwonea nani?

Kwenye Supercars, mashindano ya mbio za magari ya Australia, magari mawili ya timu moja hushiriki kituo kimoja cha piti, yaani mahali pa kujaza mafuta na kubadilisha matairi. Gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa mbio kukiwa na hatari, likitoka, yote huingia pamoja. La pili hungoja nyuma huku la kwanza likijazwa mafuta. Kwenye mbio za Bathurst 2019, dereva Fabian Coulthard alipunguza mwendo na kuwazuia waliomfuata, pengo kati yake na mwenzake wa timu, Scott McLaughlin, aliyekuwa mbele likaongezeka. Timu yake ikatozwa faini ya dola 250,000 za Australia, lakini ushindi wa McLaughlin ukabaki. Mashabiki wengine bado wana kinyongo, na nawaelewa.

Ila adhabu nyingine ya piti, ya kuzungusha magurudumu gari likiwa limeinuliwa juu ya jeki, hiyo siipingi kabisa. Likishushwa gia ikiwa imeingia, gari huruka mbele, na fundi yuko hatua moja tu.