Machozi ya jicho moja

Siku ya tatu ya matanga ya mamkubwa, baada ya hitima kwisha kusomwa na masinia ya mwisho kuoshwa uani, nilipanda ngazi nikaingia katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, kile ambacho kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene hata milio ya punda wa njiani hukifikia imekwisha kufifia, nikajilaza juu ya mkeka. Kipandauso kilikuwa kimenishika upande wa kushoto. Mdundo ulianzia kwenye panja, ukapita nyuma ya jicho na kuteremka hadi kisogoni, na harufu ya udi iliyokuwa imeganda katika mapazia ilinitia kichefuchefu kila nilipovuta pumzi. Mama alipoingia na kikombe cha maji aliona shavu langu limelowa, akaniambia kwa huruma, "Usilie tena, mwanangu, utajizidishia kichwa."

Sikuwa nikilia. Nilikuwa nimelia siku mbili zilizotangulia pamoja na wenzangu, lakini wakati ule jicho la kushoto lilikuwa likitoka machozi lenyewe, na la kulia lilikuwa kavu kabisa.

Marehemu alikuwa na rai nyingine kuhusu jambo hili. Tangu nilipoanza kupatwa na kipandauso nikiwa na miaka kumi na mitatu, yeye akinikuta nimelala hukunja leso mara tatu, akanifunga kichwani kwa nguvu, na kuniambia, "Lia, mwanangu, utoe ulilo nalo." Nimekulia, basi, baina ya ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiniambia kwamba machozi huondoa maumivu na mwingine akiniambia kwamba huyazidisha, na sote tulimpenda kila mmoja wao kiasi cha kutothubutu kumwambia kwamba amekosea. Baada ya msiba huu nimeamua kuliandika swali hili na kulijibu kadiri nilivyosoma na nilivyojionea.

Asiyeugua kipandauso hudhani ni kichwa cha kawaida kilichopewa jina kubwa. Shambulio lisipotibiwa huweza kudumu baina ya saa 4 na saa 72. Aghalabu hushika upande mmoja, hudunda pamoja na mapigo ya moyo, huja na kichefuchefu, na humfanya mtu achukie mwanga, kelele na harufu. Zaidi ya watu bilioni 1 duniani wanaugua maradhi haya, na wanawake ni takriban mara tatu ya wanaume. Jambo la kuzingatia katika mada yetu ni kwamba chochote kinachouchosha mwili wakati wa shambulio, hata kupanda ngazi, kuinama au kukohoa, huyazidisha maumivu.

Sasa tuje kwenye machozi, ambayo si ya aina moja. Yako yale yanayolilainisha jicho kila wakati bila ya sisi kuyahisi. Yako yanayotoka jicho linapoingiwa na moshi au mvuke wa kitunguu. Na yako ya huzuni, hasira au furaha. Nimemenya vitunguu vya pilau ya harusi nzima huku machozi yakinichuruzika, na kichwa hakikuniuma hata kidogo. Maji yenyewe yanayotoka jichoni, kwa hiyo, hayana kosa.

Machozi yangu ya jicho moja yana asili nyingine, na nilipoifahamu nilihisi kana kwamba mtu amenifutia lawama ya miaka mingi. Kuna neva kubwa iitwayo trijemina ambayo hubeba hisia za uso, za jicho na za utando unaoufunika ubongo. Neva hiyo inapochemka wakati wa kipandauso, habari hufika kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo huamshwa neva nyingine zinazoiamuru tezi ya machozi itoe maji na mishipa ya damu ya pua itanuke. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hutokwa na machozi, jicho huwa jekundu na pua huziba, mara nyingi upande ule ule unaouma. Mtu anayemwona mgonjwa katika hali hiyo huamini kwamba kilio kimeleta maumivu, ilhali maumivu ndiyo yaliyoleta machozi. (Ikiwa maumivu ni makali ya kuzunguka jicho moja, hudumu baina ya dakika 15 na saa 3, hurudi hata mara kadhaa kwa siku na humfanya mtu ashindwe kutulia mahali pamoja, huenda ni maradhi mengine yenye tiba yake, na inafaa daktari aelezwe hivyo hasa.)

Kilio cha kwikwi ndicho ambacho mama alikuwa na haki ya kukiogopa. Mtu anapolia hivyo, kipaji cha uso hukunjamana, taya hukaza, shingo na mabega huwa kama kamba ya tanga wakati wa kusi, na pumzi huzuiliwa kifuani kisha husukumwa kwa nguvu kama anayekohoa. Machozi nayo hupita katika tundu ndogo iliyo kwenye pembe ya jicho na kushukia puani, pua huziba, na uso mzima huwa mzito. Kwa mtu mwenye kipandauso kilichokwisha kuanza, kazi yote hiyo ni sawa na kumwambia apande ngazi mbio.

Sikubaliani, hata hivyo, na maelezo yanayosikika sana kwamba kilio huumiza kichwa kwa sababu hukausha maji ya mwili. Machozi ya mtu aliyelia sana hayafiki hata kikombe kidogo cha kahawa. Tunachosahau ni kwamba anayelia msibani pia hakulala, hakula kwa wakati, hakunywa maji ya kutosha, na amekaa siku nzima chumbani miongoni mwa watu wengi, joto na moshi wa udi. Kila moja katika hayo lina uwezo wa kuamsha kipandauso peke yake, nasi hukilaumu kilio kwa kuwa ndicho kilichoonekana.

Liko na lile la wakati. Mwaka 2014 watafiti wa New York wakiongozwa na Richard Lipton walitangaza matokeo ya uchunguzi mdogo, ambapo wagonjwa waliandika kila siku hali ya dhiki zao na vichwa vyao, na ikaonekana kwamba dhiki inapopungua, uwezekano wa shambulio katika saa 6 za mwanzo huongezeka kwa karibu mara tano. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kwamba siku ya mazishi sikuumwa, na siku ya pili sikuumwa. Kichwa kilisubiri hadi wageni walipovaa viatu vyao.

Na ile faraja aliyoisema mamkubwa? Naamini ipo, ila haina haraka. Mwaka 2015 Asmir Gračanin na Ad Vingerhoets wa Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, pamoja na wenzao, waliwaonyesha watu filamu za huzuni na kuwauliza hali zao. Waliolia walijisikia vibaya zaidi mara tu filamu ilipokwisha. Baada ya dakika 20 walirudi walipokuwa, na baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya filamu. Kilichopimwa pale ni hali ya moyo, wala hawakuwa wagonjwa wa kipandauso, lakini kwa mtu kama mimi zile dakika 90 ni masafa marefu, kwa sababu ndani yake shambulio linaweza kuzaliwa na kukomaa.

Katika daftari ninaloandikia mashambulio yangu yako mawili ninayoyarejea sana. La kwanza lilikuja baada ya ugomvi na mtu wa karibu: nililia kwa kwikwi kabla ya magharibi, na kabla ya isha kichwa kilikuwa kinadunda. La pili lilikuwa limenishika tangu alfajiri, na adhuhuri nikiwa nimelala chali gizani nilianza kulia taratibu, kinywa wazi, bila ya sauti na bila ya kukaza chochote, nikashikwa na usingizi, nikaamka alasiri kichwa kikiwa chepesi. Usingizi hujulikana kwa kuyakata mashambulio, kwa hiyo siwezi kuyapa machozi sifa yote. Nionavyo, yalinifungulia mlango wa usingizi. Aidha, nimetambua kwamba kukizuia kilio nako ni kazi: meno hubanwa, koo hufungwa, na mapanja hukaza vile vile, pengine kwa muda mrefu zaidi.

Wazee wetu wa Lamu huwakataza watu kupiga mayowe msibani, wala hawawakatazi machozi. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema kwamba macho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nimekuja kuona kwamba adabu hiyo inapatana pia na kichwa changu.

Siku hizi nikihisi kilio kinakuja hunywa maji, hukaa penye hewa, hulegeza taya na kuliacha jicho lifanye lake. Nikihisi dalili za kipandauso hunywa dawa mapema, kwa kuwa ikicheleweshwa hufanya kazi kidogo, na huhesabu siku: anayetumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za triptani, zile za kipandauso hasa, siku 10 au zaidi, kwa miezi mitatu na kuendelea, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Na kichwa kinachouma kwa ghafla mno kuliko vyote vilivyotangulia, au kinachokuja pamoja na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, kipelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku na kuna bahari ya kuvuka.

Mama nilimweleza siku ile ile, kwa sauti ya chini, jinsi jicho linavyolia bila ya mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alifungua kasha, akatoa leso ya dadake, akaikunja mara tatu na kunifunga, akaketi kwenye ukingo wa mkeka huku mkono wake ukiwa juu ya panja langu. Baada ya kitambo nilihisi tone likianguka juu ya mkono wangu, kisha jingine, nami sikumwambia anyamaze.