Kwa nini nakwambia uje kesho kuchukua ushanga wako

Jamani juzi tena dada mmoja kasimama pale nilipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kaniona nayeyusha kioo, mara ushanga umeshakuwa duara, akasema haya nifungie niondoke nao. Nikamwambia njoo kesho. Kanuna, nahisi alidhani namzungusha, kwa hiyo acha nieleze.

Kuyeyusha ndo sehemu fupi. Mkono mmoja kijiti cha kioo, mwingine waya wa stiili uliopakwa udongo mweupe ili kioo kisigande, kikianza kulegea kama asali unakizungushia kwenye waya na huachi kuzungusha maana ukisimama tu kinaning'inia upande. Ile miwani ninayovaa nikiyeyusha sio urembo, sodiamu iliyomo kwenye kioo ikipata moto inatoa mwanga wa njano unaoficha kila kitu, lenzi yake ya didimiamu, kioo cha kuchuja njano hiyo, inaukata. Na rangi ya feruzi, yaani hiyo ndo naipenda kuliko zote, ina shaba ndani, ukiipitisha kwenye moto wenye gesi nyingi na oksijeni kidogo inakutolea mabaka ya damu ya mzee!

Sasa kupoza. Nje ya ushanga kunapoa na kusinyaa wakati ndani bado kuna moto, vinavutana, na mvutano unabaki humo humo. Kwa macho ni mzima kabisa, unauvaa, halafu siku moja unapasuka shingoni hata hujaugonga. Ndo maana ukitoka motoni unaingia kwenye tanuru dogo la umeme, nyuzi 510 hivi kwa kioo laini ninachotumia, unatulia humo mpaka mvutano uachie, halafu joto linashushwa pole pole usiku. Kuufukia kwenye majivu ya moto kunasaidia usipasuke pale pale, ila mvutano hautoki. Na msimu wa kusi nafunga dirisha la baharini, nafungua la nyuma, hewa ipite bila upepo kuupiga ushanga.

Mnaoniletea chupa, asanteni, ila ya kijani sichanganyi na nyeupe, kila kioo kinatanuka kwa kiasi chake, vikipoa vinaachana.

Mi naona watu wa Bagamoyo ndo wa kuujua ushanga kuliko wote. Karne ya 19 misafara ilitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji na mizigo ya ushanga wa kioo, mwingi ulitoka Venice, na kila sehemu ya bara ilikuwa na rangi yake, wengine walitaka samesame, ule ushanga mwekundu, wengine hawautaki, ukibeba isiyopendwa hata chakula hununui njiani. Leo unatengenezwa hapa hapa na nataka ukae shingoni miaka.

Kwa hiyo ukija kesho utanikuta nasafisha tundu, nautoa ule udongo ndani ya maji kwa sababu vumbi lake halifai mapafuni, nikimaliza ndo nakutungia. Hereni pia natengeneza, we niambie rangi.