Kijito kinatoa kilowati ngapi? Uzoefu wangu wa kupima Njombe

Vijito vya milimani Njombe navipima Oktoba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Anayetaka kufunga mtambo mdogo wa umeme huwa anasubiri namba moja. Simpi namba peke yake; naiambatanisha na shaka, yaani kiasi inachoweza kuzidi au kupungua (±), maana shaka hiyo ndiyo inayoamua anunue mtambo wa ukubwa gani.

Kanuni ya kilowati ni fupi: 9.8 × mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) × anguko (mita ambazo maji yanashuka) × ufanisi (sehemu ya nguvu ya maji inayogeuka umeme). Kwa kuwa tunazidisha, shaka ya kila kipimo naigeuza asilimia, naipiga kipeo cha pili, najumlisha zote, kisha natafuta kipeuo cha pili cha jumla.

Chukua kijito chenye upana wa mita 1.20 (±0.03, yaani 2.5%) na kina cha wastani mita 0.18 (±0.02, yaani 11%). Chungwa linaelea mita 10 kwa sekunde 16 (±0.5, yaani 3%). Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo kasi naizidisha kwa 0.75 (±0.07, yaani 9%). Mtiririko unakuwa lita 101 kwa sekunde, shaka 15%. Tazama kilichobeba mzigo: kina na hiyo 0.75. Kununua tepu nzuri zaidi ya kupimia upana hakupunguzi chochote cha maana.

Anguko napima kwa pima maji, nikipanda ngazi kwa ngazi kwa urefu wa macho: mara 12 × 1.55 = mita 18.6. Kosa la kubahatisha la sm 2 kila ngazi halifiki sm 24, kwa sababu mengine yanazidi na mengine yanapungua. Ni 2 × √12, kama sm 7. Lakini ukipima urefu wa macho ukiwa peku kisha ukapanda na gambuti zenye soli ya sm 2, kosa linakwenda upande mmoja tu, na hapo zinatimia sm 24 kamili. Pima ukiwa umezivaa.

Kwa ufanisi wa 0.5 (±0.05), jibu ni kilowati 9.2 ± 1.7.

Ili kuibana shaka hiyo naziba kijito kwa ubao wenye pengo la V la nyuzi 90. Kimo cha maji, hapa sm 35, nakisoma mita moja na nusu nyuma ya ubao, kwani karibu na pengo maji yameshainama. Mtiririko unapatikana kutokana na kimo hicho kikipigwa kipeo cha 2.5: kosa la 1% kwenye kimo linazaa 2.5% kwenye mtiririko, kwa hiyo nusu sentimita si kitu kidogo. Ziba chini ya ubao kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yanayopenya huko hayahesabiwi. Shaka ya mtiririko ikishuka hadi 5%, shaka ya jibu inakuwa ± 1.0, na sehemu yake kubwa inatoka kwenye ufanisi. Hiyo ya ufanisi mdai anayekuuzia mtambo: akuonyeshe ufanisi kwa lita zako 101, si kwa mtiririko wake bora.