Mama na kisima cha Edinburgh

Mama alikuja Edinburgh Novemba 2018 kwa ajili ya mahafali yangu, na kabla hata hajauliza ninakula nini, alitaka aonyeshwe chuo alichosoma Mwalimu Nyerere. Nikampeleka. Akapigwa picha mlangoni, kajitanda kitenge juu ya koti langu zito, akaridhika. Siku ya pili ikawa zamu ya ngome ya Edinburgh, iliyo juu ya mwamba.

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, la miaka ya 1130 hivi, ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini. Ukumbi mkuu ulikamilika 1511. Mzinga uitwao Mons Meg ulikuwa ukirusha jiwe la kilo 150. Mama aliyasikiliza yote kwa adabu, vile anavyowasikiliza maofisa wanaofika kijijini na mabango yao.

Langoni kijana mmoja alituonyesha gari la kuwapandisha wasioweza kutembea sana. Magoti yamemsumbua Mama tangu niko darasa la sita.

"Mwambie ahsante," alisema. "Lakini mimi nimekulia Lushoto. Hiki nacho ni kilima?"

Tukapanda mdogomdogo. Ngazi za kale, Lang Stairs, zina vidato 70. Tuliziacha tukafuata njia ya kuzunguka, iliyotengenezwa baadaye ili mizinga mizito ipite. Mawe yake yanateleza yakilowa, na Novemba ya kule sijui ni lini hayalowi. Mama alinishika mkono huku anatazama mbele, kana kwamba mkono ule si wake. Nami nikajifanya sijaona.

Tulikuwa tumefika upande wa kaskazini mzinga mwingine ulipolia. Nilisahau kabisa kumwambia.

"Lailaha illallah!"

Tangu 1861 hupigwa saa saba mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu. Ulianzishwa ili mabaharia wa bandari ya Leith waweke saa zao sawa hata ukungu ukitanda. Mzee mmoja wa pale, alipoona tulivyoruka, akatupa utani wa wenyeji: kwa hesabu yao hiyo ni saa moja, basi mlio mmoja unatosha, wangechagua adhuhuri, wangeteketeza baruti ya milio 12. Mama aliyeuza mboga sokoni maisha yake yote aliufurahia utani huo kuliko kitu chochote nilichomwambia mimi.

Kisha akasogea ukutani, akachungulia. Kule chini siku hizi ni bustani na reli. Zamani palikuwa na ziwa, Nor Loch, la kuwazuia maadui. Akatazama bustani, akautazama mwamba, akageuka.

"Maji ya kunywa walipata wapi?"

Nikacheka.

"Cheka tu. Wazee wetu nao walijenga juu kwa kuogopa vita. Vugha penyewe, mji wa wafalme wetu Wasambaa, pako mlimani. Lakini mtoni aliteremka nani? Wao?"

Nikafungua kijitabu cha ramani. Taji la wafalme tulilipita chapuchapu, dakika tano nyingi, tukaenda kukitafuta kisima kiitwacho Fore Well. Mama akainama, akakaa hivyo muda mrefu, watu wanatupita na simu zao juu. Nikamsomea. Mwamba ule ni koo la volkano iliyozimika, mgumu, maji hayapenyi kwa urahisi, kwa hiyo kisima kile kilikuwa roho ya ngome. Mwaka 1573 wafuasi wa Malkia Mary wa Scotland walikuwa wamejifungia humo. Mizinga ya maadui ikauangusha mnara mrefu wa David, na vifusi vyake vikakiziba kisima. Mwezi wa Mei haujaisha, wakasalimu amri. Ule ukuta wa nusu duara unaopigwa picha na kila mgeni, Half Moon Battery, ulijengwa juu ya mabaki ya mnara huo, na mabaki yenyewe hayakufukuliwa hadi 1912.

"Kuta zote hizi," Mama akasema, "kisima kimoja."

"Palikuwa na chemchemi nyingine, chini kabisa ya mwamba. Waliijengea mnara wa kuilinda mwaka 1362."

"Chini wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa bustani. Hakusema kitu. Lakini kesho yake asubuhi, nilipokuwa napanga kumpeleka makumbusho, nikamkuta ameshavaa viatu.

Mnara wa kisima, Wellhouse Tower, ni gofu tu sasa, kuta chache zenye kuvu mguuni mwa mwamba. Hakuna foleni wala tiketi. Mama aliweka mkoba chini, akauzunguka, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka akaweza kuona juu hadi ngomeni. Nikadhani anatafuta pale tuliposhtushwa na mzinga. Kumbe kidole chake kilikuwa kinapanda polepole kwenye jabali, kinasimama, kinapanda tena.

"Pale ningetua ndoo," akasema. "Na pale penye majani. Na pale juu, kabla ya ukuta."