Uteo wa Nyanya

Nyanya alikuwa akitupa mchele na kubakisha chuya. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, mwaka 2009, nyumbani kwetu Kibokoni, naye kaketi mkekani na uteo mapajani. Upepo wa kusi ulikuwa ukiingia dirishani, lakini leso yake ilikuwa imerowa jasho shingoni.

"Nyanya, u mzima?"

Akaniita kwa jina la marehemu babu.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alishamwambia ana udhuru, asifunge. Hakusikia. Daku alikunywa chai na kipande cha mkate, kisha akajidunga sindano yake ileile ya kila siku.

Nilipiga mbio kwa jirani yetu muuguzi. Akaja na mashine, akamtoboa kidole: 2.4. Ikifika chini ya 3.9, sukari imeshuka. Akamwambia ameze mate, alipoona anameza sawasawa, akanigeukia: "Lete kitu kitamu, mwanangu, upesi!"

Jikoni kulikuwa na shira ya kaimati, imeanza kupoa. Nilisita. Miaka yote nilifundishwa kumfichia Nyanya sukari, na leo nimnyweshe shira kwa kijiko? Vijiko viwili, kisha robo saa ya kungoja. Sijapata kungoja robo saa ndefu kama ile.

Ndipo muuguzi akanieleza. Mtu mwenye afya akikaa na njaa, kongosho lake hupunguza insulini, ile inayoingiza sukari kwenye misuli na mafuta ya mwili, likatoa glukagoni, nayo hulihimiza ini lifungue akiba yake. Sukari ikizidi kushuka huja adrenalini. Jasho lile na mikono kutetemeka vilikuwa kazi yake. Lakini insulini ya sindano ikishaingia mwilini, kongosho haliwezi kuizuia. Tangu alfajiri ilikuwa ikiondoa sukari kwenye damu ya Nyanya, na tumboni hamna kitu.

Mashine ikasoma 4.6. Nyanya akaramba midomo, akaujua ule utamu.

"Umenifunguza, na Magharibi bado?"

Machozi yakamtoka. Sikuwa na la kumjibu, nikamshika miguu. Jirani akamwambia, "Ruhusa umepewa na Mungu, Mama."

Alinyamaza kitambo, akauvuta uteo. Vidole vikaenda moja kwa moja kwenye chuya.