Maswali ya njaa: mahali takwimu zinapoharibikia

Mwanafunzi wa chuo anayechunguza uhusiano wa uhaba wa chakula na afya ya jamii asianze kwa kujitungia maswali. Kipimo cha FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) kiitwacho FIES, cha kupima uhaba wa chakula kwa uzoefu wa watu wenyewe, kimekwishajaribiwa katika nchi nyingi: maswali 8 ya ndiyo au hapana, kuanzia hofu ya kuishiwa chakula hadi kushinda siku nzima bila kula.

Uzito wote uko kwenye maneno haya: "kwa kukosa pesa au uwezo mwingine." Msaili aliyechoka huyaruka, na hapo aliyefunga kwa ajili ya dini, mgonjwa asiye na hamu ya kula na anayejipunguza mwili, wote huhesabiwa kuwa na njaa. Yarudiwe katika kila swali, hata yakichosha. Kipindi nacho kitajwe: miezi 12 au siku 30. Ukichagua siku 30, andika tarehe ya kila mahojiano, kwa sababu majibu ya kabla ya mavuno hayalingani na ya baada yake.

FIES haikuambii watu walikula nini. Hapo ndipo FCS, yaani alama ya ulaji wa chakula wa kaya, inapohitajika. Unauliza kila kundi la chakula lililiwa siku ngapi kati ya 7 zilizopita, kisha unazidisha siku kwa uzito wa kundi: nafaka na mizizi 2, mikunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama, samaki na mayai 4, maziwa 4, sukari 0.5, mafuta 0.5; halafu unajumlisha. Kosa linalopotosha zaidi ni kuhesabu kipande cha samaki kilichotiwa kwenye mchuzi ili kuleta ladha tu. Hicho ni kiungo, uzito wake sifuri. Kikihesabiwa siku zote 7, kaya inapata alama 28 isizostahili, ilhali hali mbaya ni alama 21 kwenda chini. Njaa halisi inafutika kwenye karatasi.

Ukipima pia mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, tumia mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea. Utepe ukibana, kipimo kinashuka. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali: mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa hiyo elewana na kituo kabla ya kuanza kazi.

Mhoji mtu akiwa peke yake. Mbele ya wakwe au majirani, wengi huificha njaa. Na mwambie mapema kwamba utafiti hauleti msaada wa chakula, asije akaongeza shida akitarajia mgao.