Nyimbo zilizopotelewa na wenyewe, birika la Cambridge na mengine niliyookota mtandaoni

Mbukwenyi wadau! Mwezi huu nimekula mabando ya usiku vibaya mno, ila kuna vitu nimeviokota huko, na kwa kuwa nikiviweka stetasi vinakufa kesho yake nimeona bora nivimwage hapa vyote kwa mpigo. Msiopata usingizi mtanishukuru. Nyie wa hapa Dodoma wenye kazi za ofisi za serikali Mtumba za asubuhi asubuhi, someni mchana kwenye intaneti ya mwendokasi ya ofisi.

Nianze na kubwa lao. Kuna dogo mmoja Ujerumani, mwaka 1984 hivi, alikuwa na mchezo ule ule wa kaka zetu, anakaa na redio kaseti, wimbo mkali ukipigwa anabonyeza rekodi. Redio yenyewe NDR, ya kule Hamburg. Sasa huyu dogo alikuwa msafi, hataki kabisa sauti ya mtangazaji kwenye kanda yake, jamaa akianza kuongea tu anakata. Kanda ikatoka safi kweli kweli, tatizo ni kwamba humo ndani kuna wimbo mmoja hajui unaitwaje wala nani kaimba, maana aliyekuwa ataje ndo huyo aliyekatwa. Mwaka 2007 dada yake akaurusha mtandaoni, jamani huu wimbo wa nani? Kimya.

Hapo ndo watu wakaingiwa na wazimu. Unakuta mtu yuko Brazil, mwingine Uholanzi, hawajuani, wanausaka wimbo wa dakika tatu kama polisi wanavyosaka jambazi, wanabishana kuhusu lafudhi ya mwimbaji, huyu Mjerumani, hapana huyu wa Ulaya Mashariki, wanasikiliza kinanda wanasema hiyo ni Yamaha DX7 na hiyo ilitoka 1983 kwahiyo wimbo hauwezi kuwa wa nyuma ya hapo, wanawaandikia mpaka watangazaji wa zamani wawaulize kama wanakumbuka. Ukabatizwa jina, wimbo wa siri kuliko zote kwenye intaneti. Miaka inakatika hivyo hivyo hadi Novemba 2024 ndo kikaeleweka: unaitwa Subways of Your Mind, bendi FEX, vijana wa mji wa Kiel enzi hizo. Aliyeupata alikuwa anapekua magazeti ya zamani, akakuta bendi imetajwa, akawatafuta. Na wenyewe wapo, watu wazima wana maisha yao, hawana habari kama nusu ya dunia inawatafuta! Mi hapo ndo nilipocheka peke yangu saa nane usiku mpaka jirani akagonga ukuta.

Na wimbo ni mzuri bana, sio kwamba umesifiwa kwa sababu ya stori. Gitaa limepoa, sauti nzito ya kukata tamaa, ule muziki wa Ulaya wa miaka ile wa watu wasiopata jua. Usikilizeni usiku huku upepo wetu unahangaika na mabati.

Mwaka huo huo 2024, mwezi wa nne, kuna kesi nyingine ilifungwa nayo ndo inachekesha zaidi. Mtu alikuwa ameweka kipande cha sekunde 17 tu mwaka 2021, kimechakaa, sauti kama inatoka chini ya maji, anauliza hiki ni nini. Watu wakakesha miaka mitatu. Wengine wakaapa ni tangazo la biashara, wengine wakasema hakuna wimbo hapo, ni utapeli. Kumbe wimbo upo, Ulterior Motives, wa ndugu wawili, akina Booth, na ulikuwa umejificha kwenye filamu ya wakubwa ya mwaka 1986! Yaani kuna mtu ilibidi aziangalie zile filamu moja baada ya nyingine, kwa ajili ya utafiti, sawa tumekubali ndugu yetu, utafiti, na sauti uliifungulia kabisa.

Kwanini haya mambo yananikosha hivi? Nadhani ni kwa sababu siku hizi muziki unaletewa. Apu imeshakujua, ukisikiliza singeli moja Jumatatu mpaka Ijumaa unakula singeli, ukigusa kwaya moja basi umeokoka wiki nzima. Hawa watu wameenda kutafuta wenyewe, kwa jasho, kitu ambacho hakuna mashine iliyokuwa nacho. Mashine haiwezi kukuletea kanda iliyo kwenye droo ya mtu.

Tupumue kidogo na vichekesho vidogo vidogo.

Mnajua kamera ya kwanza kabisa kuangaliwa na watu kwenye wavuti ilikuwa inaangalia nini? Birika la kahawa. Sio utani. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta walichoka kupanda ngazi kwenda kukuta kahawa imeisha, wakaweka kamera ili mtu aone akiwa mezani kwake kama imo au haimo. Mwaka 1993 ikaunganishwa na wavuti na watu dunia nzima wakawa wanachungulia birika la wenzao. Kamera ilizimwa 2001, na lile birika likauzwa kwenye mnada wa eBay, pauni 3,350, wakalinunua jarida la Spiegel la Ujerumani. Birika bovu! Hii natamani ofisi fulani hapa mjini waiweke pale kwa mama wa chai, maana foleni ya kuulizia maandazi saa nne inakula nusu ya kazi za umma.

Video ya kwanza ya YouTube nayo, 23 Aprili 2005, mmoja wa waanzilishi yuko bustani ya wanyama San Diego anasema tembo wana mikonga mirefu sana. Basi. Sekunde 19 imekwisha. Mpelekee mkulima wa Chemba aliyeamka akakuta shamba la mtama limefagiliwa, akwambie na ye mkonga una urefu gani.

Alafu kuna Radio Garden, wengine mnaijua, ilianzia Uholanzi 2016. Unapewa dunia nzima kwenye skrini, unaizungusha na kidole, kila nukta ya kijani ni redio, ukisimama juu yake unasikia wanachorusha muda huo huo. Ninavyoitumia mimi, nazungusha bila kuangalia, inaposimama nasikiliza mpaka wimbo uishe, hata kama ni mahubiri kwa lugha ya samaki. Juzi ilinitupa visiwa vya huko baridi kabisa, mama anasoma kitu kirefu kwa sauti ya upole, sikuambulia neno, nikalala usingizi mzuri ajabu. Ile sauti nimeitafuta tena sijaipata.

Turudi kwenye muziki, maana hili linalofuata ndo lilinikalisha.

Mwaka 1950 kuna Mzungu anaitwa Hugh Tracey alikuwa anazunguka Afrika Mashariki na gari lenye mashine za kurekodi. Ni yeye aliyekuja kuanzisha ile maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954 kule Afrika Kusini. Alipofika Kenya, kwa Wakipsigis upande wa Kericho, akakuta mabinti wanaimba kuhusu kiumbe anaitwa Chemirocha. Nusu mtu, nusu swala, anacheza ngoma, na mabinti wanamkaribisha kabisa aje acheze. Unajua Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Mwimbaji wa kantri wa Marekani, kafa zake 1933, santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni, watu wakasikia sauti ya mtu inatoka kwenye sanduku wakasema huyu hawezi kuwa mtu wa kawaida. Na kusema ukweli ile sauti anavyoirusharusha na koo hata mimi ningemuongezea kwato. Ule wimbo wa mabinti ni mtamu sana, mfupi, kinubi kinakwaruza na sauti zinapanda taratibu, mi nauona ni bora kuliko kazi zote za Rodgers, mpinge tu.

Huyu huyu Tracey mwaka huo huo alirekodi Tanganyika pia, na muziki wa Wagogo umo. Nilipoanza kufuata hiyo njia ndo nikaishia nyumbani, kwa mzee Hukwe Zawose. Najua nyie mtasema huyo tunamjua. Mnalijua jina. Wangapi mmekaa mkamsikiliza albamu nzima? Mzee kazaliwa mkoa huu huu wetu mwaka 1938, Mwalimu Nyerere akamwita Dar miaka ya 60, akaja kufundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, na mwaka 1996 akatoa albamu inaitwa Chibite chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Weka iyafoni nzuri, zima taa, sikiliza ilimba, kile kinanda cha vidole gumba cha Wagogo, inavyozunguka halafu sauti yake inaruka juu kama sio ya mtu mzima tena, alafu inashuka chini inanguruma. Mi nilisikia muziki huu kwenye mapokezi ya viongozi, pale uwanja wa Jamhuri, spika mbovu, jua kali, unasubiri hotuba iishe, kwahiyo kichwani mwangu ulikuwa muziki wa kusubiria mgeni rasmi. Kumbe.

Na haujaishia kwake. Mwanae Msafiri ana Uhamiaji ya 2017, humo kuna sinthesaiza na ilimba pamoja na vinaelewana vizuri tu. Ila ninachowaomba mkisikilize leo leo ni The Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, albamu inaitwa Maisha, 2024. Kwa Wagogo muheme ni ngoma ya akina mama toka zamani, wanaibana mapajani wanaipiga, lakini zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, wanawake wanaitikia nyuma. Hawa wawili wamekaa mbele. Sauti mbili zinasukana mpaka hujui ipi imeanza ipi imeishia. Nilimwekea wimbo wao bibi mmoja jirani anayeuza mlenda, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza hawa watoto wa nani, nilipomwambia akasema basi sawa, akaendelea kufunga mafungu yake.

Sasa ombi. Baba mdogo yangu yupo Mpwapwa ana sanduku la kanda alizorekodi kutoka RTD, redio ya taifa enzi hizo, miaka ya 70 na 80. Enzi hizo bendi zinaingia studio za redio zinarekodi, wimbo unapigwa hewani, nchi nzima inaujua, lakini kiwanda cha kufyatua santuri hatuna, mpaka Nairobi, kwahiyo nyimbo kibao hazikuwahi kuwa santuri, zilibaki kwenye mikanda ya redio na kwenye masanduku kama hili. Tofauti na yule dogo wa Ujerumani, baba mdogo hakumkata mtangazaji. Mtangazaji yupo, anaongea juu ya gitaa vizuri kabisa, lakini badala ya kutaja bendi anasoma salamu! Za kutoka Kongwa, ziwafikie wa Manyoni, ziwafikie wa Kilosa, ujumbe ni tupendane, na wimbo ndo huo unaishia.

Nimesharekodi na simu wimbo mmoja ambao umenishinda. Gitaa la solo linaanza peke yake, tumba zinaingia kwa kuchelewa, saksafoni mbili zinajibizana, mwimbaji analalamika kuhusu barua aliyotuma Itigi haijajibiwa. Baba mdogo anasema ni bendi ya Afro 70 ya Patrick Balisidya, kwa sababu Balisidya ni mtu wa Mvumi na kwake ye kila kizuri kimetoka Mvumi. Mzee wa duka la redio Majengo kasikiliza akasema Balisidya wapi, hao ni watu wa Tabora, akataja bendi tatu tofauti kwa dakika tano. Mkienda nyumbani mwulizeni mzazi yeyote aliyekuwa anacheza dansi enzi hizo, hasa waliokaa Itigi, Manyoni na Tabora, mwimbieni hicho kipande cha barua. Klipu nawatumia WhatsApp mkitaka, ina mikwaruzo na jogoo mmoja kaingia katikati, jogoo ni wa sasa, msimchambue.